Nimesoma Things Fall Apart na fom tatu hapa Iringa, haya ndo maoni yangu

Walimu wenzangu watatu wameniuliza kwa nyakati tofauti kama Things Fall Apart ya Chinua Achebe inafaa kununulia darasa au ni kupoteza hela ya shule, sasa nimeona niandike kwa kirefu mara moja. Jibu langu fupi ni nunua. Ila nunua nakala nzima, na usije ukakifundisha vile mi nilivyofundishwa.

Nianze na bidhaa yenyewe. Dukani mjini nilipata nakala halisi 6 tu, nililipa 18,000 kila moja, na darasa langu lina wanafunzi 43. Hesabu unaiona. Kwa hiyo nikafanya kile wengi tunachofanya, nikapeleka steshenari moja wakanitolea kopi wakazifunga vizuri tu na waya, rahisi, nikafurahi. Tumesoma weee mpaka tumefika sura ya 15 ndo nagundua kopi zote zimeruka kurasa, yaani ile sehemu Obierika anakuja kumtembelea rafiki yake Okonkwo, mhusika mkuu, uhamishoni na kumsimulia habari ya kijiji cha Abame, mzungu wa kwanza aliyefika na baiskeli wakamuua, halafu wenzake wakaja siku ya soko wakamaliza kijiji, haipo kabisa. Madogo wametoka Okonkwo amepewa shamba na mbegu na mjomba wake na wanawe halafu ghafla wamisionari wapo Mbanta, kijiji cha mama yake Okonkwo, wanaimba nyimbo. Binti mmoja akaniuliza, "Mwalimu, sasa hawa wametokea wapi?" Na ndo swali ambalo sura nzima imeandikwa kulijibu! Ikabidi niwasomee kwa sauti kwenye nakala yangu. Kwa hiyo kama lazima kopi, kagua ukurasa kwa ukurasa kabla hujalipa. Na kusema ukweli siyo haki pia kwa aliyeandika, mwaka huu nimeanza kuwaomba wazazi wachangie tununue halisi kidogo kidogo.

Kitabu chenyewe ni chembamba, sura 25, sehemu tatu, kimetoka 1958 na Achebe alikuwa hajafika hata miaka 30. Kiingereza chake ndo sababu kubwa ya kukichagua. Sentensi fupi, maneno ya kawaida, mtoto aliyesoma msingi kwa Kiswahili akajikongoja na Kiingereza cha fom wani bado anapita. Kinachomkwamisha ni maneno ya Kiigbo, lugha ya Nigeria anakotoka Achebe, na hayo nakala nyingi zina maelezo yake mwishoni. Mi niliwaambia wasiyaogope, walichukulie neno kama chi au obi kama wanavyochukulia jina la mtu mgeni, utamjua kadiri mnavyokaa nae.

Tulisoma sura mbili kwa wiki, jioni, kwa sauti, kila mtu aya yake. Na nilivunja sheria ya shule ya Kiingereza tu. Kusoma Kiingereza, kujadili Kiswahili. Nasimama na hilo mbele ya yeyote, maana mtoto uliyemzoea anasema "the theme is culture" na kukaa chini, ukimruhusu lugha yake anakuambia vitu utaondoka navyo nyumbani.

Sasa vikwazo vidogo. Viazi vikuu. Huwezi kufundisha hiki kitabu bila mtoto kuelewa kiazi kikuu ni nini, maana heshima yote ya mwanaume Umuofia, kwao Okonkwo, inapimwa kwa ghala lake la viazi, ni zao la kiume, ni mfalme wa mazao. Wangu walidhani ni hivi viazi mviringo vya Njombe, wengine wakasema magimbi. Sokoni kwetu sikubahatika, nikamuomba ndugu yangu anayetoka Morogoro aniletee kimoja, likaja dude la kama kilo nne, nikaliweka juu ya meza wakalipitisha mkono kwa mkono. Baada ya hapo sikuwa na haja ya kueleza kwa nini Okonkwo kukopeshwa mbegu 800 na tajiri Nwakibie ilikuwa imani kubwa vile, na ule mwaka wa ukame ulimuumiza kiasi gani. Kola, ile kokwa anayokaribishwa nayo mgeni, ilikuwa rahisi zaidi. Niliwauliza kwenu mgeni akifika anapewa nini kabla hajasema shida yake, wakataja maji, wakataja ulanzi, pombe ya mianzi, kama ni msimu wake, wa Kilolo wakabishana na wa Mufindi kuhusu kuku, basi nikawaambia hiyo ndo kola. Hata mvinyo wa mchikichi wakauelewa kupitia ulanzi, mti unakatwa, unakinga, asubuhi mtamu jioni mkali.

Kitu ambacho sikukitegemea ni jinsi bweni lilivyonifundishia. Shule yetu ina watoto kutoka kila kona. Tulipofika kwenye egwugwu, wale wazee wanaovaa vinyago na kuketi kuamua kesi kama mizimu ya ukoo, watoto wa Kihehe walikuwa wanaona kama maigizo, wanacheka, halafu kijana mmoja wa Mtwara, Mmakonde, akasimama akaeleza mapiko, kwamba anayecheza ndani ya kinyago hatajwi jina, hata kama umemtambua miguu unanyamaza, na wanawake hawaruhusiwi kujua. Darasa likatulia. Kwa hiyo tulipofika yule Mkristo mpya Enoch anamvua egwugwu kinyago hadharani hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini kanisa lilichomwa. Na kwenye mapacha hivyo hivyo. Kitabu kinasema Umuofia mapacha walitupwa msituni, wakaanza "eeh wapagani hao", na binti wa Rungwe akasema taratibu kwamba bibi yake alishamwambia zamani Unyakyusani mapacha walikuwa wanaogopwa, wazazi wao wanatengwa na watu mpaka dawa na matambiko yakamilike. Hakusema kwa aibu. Alisema tu kama mtu anayemjua jirani yake.

Hapa ndo niseme lile lililonifanya nikae niandike yote haya. Mimi nilifundishwa kitabu hiki kwa madesa. Mwalimu wetu, Mungu amlinde, alikuja na kijitabu cha maswali na majibu, tukakariri mila nzuri upande huu mila mbaya upande huu, ujio wa wazungu, anguko la Okonkwo, tukafaulu. Na nikatoka pale naamini bila hata kufikiri kwamba Umuofia walikuwa watu wa giza na mimi ni wa upande wa mwanga. Nimekuja kukisoma tena nikiwa na miaka thelathini na kitu ndo nikaelewa kwamba nilikuwa nasoma kama yule bwana shauri, yaani DC mzungu wa kikoloni, wa mwisho wa kitabu. Yule ambaye anaangalia mwili wa Okonkwo juu ya mti, anawaza kwamba habari ya huyu mtu inaweza kutosha sura nzima kwenye kitabu anachoandika, halafu anajirekebisha, labda siyo sura, labda aya moja tu ya kutosha. Sura 24 tumekaa na huyu mtu, tunajua baba yake alikufaje, tunajua usiku alivyohangaika barabarani kuwafuata mkewe Ekwefi na binti yao Ezinma kule pangoni, halafu anapewa aya moja. Ukifundisha kwa madesa unampa mtoto ile aya.

(Kwa wanaofundisha, wanafunzi wengi wakisikia DC wanamfikiria mkuu wa wilaya wetu wa leo. Waelezeni ni nani hasa, mimi nilitumia bwana shauri kwa sababu wazee bado wanalijua hilo neno.)

Na usiwaache wadhani mwandishi alikuwa adui wa dini, hilo litakuletea shida na wazazi. Baba yake Achebe alikuwa katekista, mtoto amekulia nyumba ya kanisa huko Ogidi. Nina watoto wa Kilutheri na wa Kikatoliki ambao babu zao walibatizwa kwenye misheni za huku huku, Tosamaganga na kwingine, kwa hiyo Nwoye, mtoto wa Okonkwo, anapobatizwa na kugeuka kuwa Isaac hawasomi habari za Nigeria tu. Niliwapa kazi ya nyumbani, muulize mzee wa kwenu wa kwanza kubatizwa alikuwa nani na jina lake la kwanza lilikuwa nani. Robo ya darasa walirudi bila jibu, hakuna aliyekumbuka lile jina la kwanza. Mmoja akalia kidogo, sikumsumbua.

Lakini pia Nwoye hakuvutwa na hoja. Msisitizeni hili. Mmisionari anaeleza Utatu pale Mbanta, watu wanaona hana akili, kilichomgusa Nwoye ni wimbo, ule wa ndugu waliokaa gizani, kwa sababu ndani yake kulikuwa na swali la mapacha wanaolia porini na swali la Ikemefuna. Ikemefuna! Nilisoma sura ya 7 mimi mwenyewe, sikumpa mtu. Yule mtoto wa kijiji kingine aliyetolewa kama fidia amekaa nao miaka mitatu, anamuita Okonkwo baba, mzee Ezeudu ameshaonya usiweke mkono wako kwenye kifo chake, na Okonkwo anachomoa panga kwa sababu anaogopa kuonekana dhaifu. Nilipofunga kitabu taa za bwalo zinanguruma tu, hakuna anaeongea, halafu kijana mmoja mkorofi kweli, wa nyuma kabisa, akasema "kwani si aliambiwa asiende?" kwa hasira, kama anamsema mtu anayemjua. Wiki ile wavulana waliandika insha kuhusu kuogopa kufanana na baba zao ambazo sitazionyesha kwa mtu.

Upande wa wasichana kuna shida na siwezi kuificha. Okonkwo anapiga wake zake, anampiga Ojiugo katikati ya Wiki ya Amani, na adhabu anayopewa ni kwa kuvunja wiki, siyo kwa kupiga. Mabinti waliliona hilo kabla sijafungua mdomo. Wavulana kadhaa walicheka tulipofika hapo na nikasimamisha kusoma kipindi kizima, tukaongea, na nashauri kila mwalimu ajiandae na siku hiyo, usiipite haraka. Pia wake zake hawapewi muda mrefu wa kuongea, mke wa kwanza hata jina lake halitajwi, ni mama yake Nwoye tu. Binti mmoja alisema hata sisi mtaani tunamuita mama fulani maisha yote, na hapo ukawa mjadala mwingine. Walichokipenda ni Uchendu, yule mjomba, anapomuuliza Okonkwo mbele ya ukoo kwa nini watoto wengi wanaitwa Nneka, mama ni mkuu, na Okonkwo hana jibu, mtu mzima, mpiganaji, hajui. Tena yupo pale kwa mama zake kwa sababu ukoo wa baba umemfukuza miaka 7. Hiyo sura ya 14 ni fupi lakini ukipewa dakika 40 za kufundisha kitabu kizima, mi ningefundisha hiyo na ya 7.

Sasa mwisho wa Okonkwo, na hapa ndo Iringa inatofautiana na kufundisha hiki kitabu mahali pengine popote. Okonkwo anajinyonga. Kwa sheria ya Umuofia hilo ni chukizo kwa ardhi, ndugu zake hawaruhusiwi hata kumshusha, wanaombwa wageni. Nilikuwa najua swali litakuja na likaja ndani ya dakika mbili. "Mwalimu, na Mkwawa je?"

Maana watoto wa hapa wamekua na hiyo habari ya chifu wa Wahehe. Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, jeshi la Wajerumani la Zelewski linafyekwa. 1894 Kalenga inaanguka. Miaka minne mingine porini, halafu Julai 1898 anajipiga risasi ili Wajerumani wasimshike hai, wakamkata kichwa wakakipeleka kwao, na fuvu halikurudi Kalenga mpaka 1954. Huyo ndo shujaa, ana makumbusho, tunapeleka wageni. Na mwingine amefanya kitendo kile kile kwa adui wa aina ile ile na ndugu zake hawawezi kumgusa.

Walibishana siku mbili. Mmoja alisema tofauti ni kwamba Mkwawa watu wake walikuwa nae, Okonkwo alimkata tarishi kichwa akageuka nyuma akasikia watu wanauliza kwa nini amefanya hivyo, wameshawaacha matarishi wengine wakimbie, akajua yuko peke yake. Mwingine akasema hapana, ni sheria tu za makabila mawili, kwa Waigbo ardhi ni mungu, Ani, na huwezi kumchafua hata kama ulikuwa na sababu. Binti mmoja akasema wote wawili walikuwa wanakataa mwili wao kuchezewa na mtu mwingine, na wote wawili walichezewa, mmoja fuvu lake likasafiri, mwingine akaandikiwa aya. Nimefundisha miaka tisa, sijawahi kusikia kitu kama hicho darasani.

Ila hapa muwe makini sana. Kwenye kila darasa unaweza kuwa na mtoto aliyepoteza mtu wa kwao kwa njia hiyo. Mimi nilikuwa nae na sikujua, alibaki baada ya kipindi akaniambia kwao msiba ulivyofanywa haraka haraka na hakuna anayemtaja marehemu. Nilikaa nae mpaka kengele ya chakula. Kabla ya kusoma sura ya 25 waambieni mapema kinachokuja, na wajue wanaweza kuja kuongea. Someni pia Obierika anavyomgeukia bwana shauri kwa hasira, kwamba huyu alikuwa mmoja wa watu wakubwa wa Umuofia na ninyi mmemfikisha hapa, halafu sauti inamkatikia. Yeye hakumhukumu rafiki yake hata kidogo, na ndo sauti niliyotaka wasikie.

Kuna tafsiri ya Kiswahili pia, Shujaa Okonkwo, ya Clement Ndulute, ilitoka 1973 Nairobi. Mimi nilikuta moja kwenye kabati la mwalimu mstaafu, jalada limetoka, na nikaitumia kulinganisha kurasa chache, aya moja Kiingereza aya moja Kiswahili. Darasa likakamata lile jina la jalada, je ni shujaa? Achebe mwenyewe jina la kitabu alilitoa kwenye shairi la Yeats, mambo yanavunjika, hakumtaja mtu, mtafsiri ndo kamweka mtu mbele. Kura ilipigwa, 24 wakasema shujaa, 17 wakasema siyo, wawili wakagoma. Ukiiona hiyo tafsiri popote ichukue, wachapaji wa hapa wangeirudisha madukani wangetusaidia sana.

Na wasimulieni mkasa wa mswada, wanaupenda mno. Achebe aliandika kwa mkono, nakala moja tu duniani, akaituma London kwa watu wa kupiga taipu pamoja na malipo yao, wakakaa kimya miezi, mpaka bosi wake wa redioni alipoenda Uingereza likizo akapita pale kuwauliza. Watoto wangu ambao daftari likipotea wanasema "nitanakili kwa mwenzangu" walishika vichwa.

Kazi ya mwisho niliyowapa ilikuwa rahisi. Mchague mtu mmoja wa kwenu, hai au marehemu, ambaye bwana shauri angempa aya moja. Wewe mpe sura. Kurasa nne, Kiswahili au Kiingereza. Nilipokea 41 kati ya 43 na nilizisoma zote likizo ya Juni, baridi ya huku mnaijua, nimekaa jikoni karibu na moto na hizo karatasi mpaka usiku. Mhunzi, mkunga, mzee aliyekata chai Mufindi miaka 30, bibi aliyekimbia ndoa akarudi kwa mama zake na ukoo ukamkubali.

Kwa hiyo nunueni. Nakala halisi zinashika vizuri, gundi haitoki hata zikipita mikono arobaini, karatasi ni ya njano kidogo lakini haichoshi macho kwenye taa hafifu. Chagueni yenye orodha ya maneno ya Kiigbo nyuma. Msinunue na kijitabu cha majibu hata kama muuzaji anawapunguzia bei.

Muhula ujao naanza na fom tatu wapya. Katika zile nakala 6 kabatini zipo 5, moja iliondoka na dogo mmoja wa Kilolo, alikuwa anamsimulia bibi yake kwa Kihehe kila likizo na shule ilifungwa wakiwa sura ya 19, bibi amesema kitabu hakirudi mpaka ajue Okonkwo akirudi kwao kutoka uhamishoni anapokelewaje. Sijakidai.